Sherehe Bila Kadi ya Mchango

Hapa Mpanda, kama ilivyo karibu kila mji wa Tanzania, sherehe huanza na kadi ya mchango. Mwaliko huja baadaye, tena kwa aliyekamilisha ahadi. Kinaitishwa kikao, anachaguliwa mwenyekiti, katibu na mhazini, linafunguliwa kundi la WhatsApp, na kila jioni orodha inapandishwa: fulani kaahidi elfu hamsini, kapunguza elfu ishirini, anadaiwa elfu thelathini. Jina lisilo na kitu mbele yake hukaa pale pale machoni pa wote mpaka mwenyewe aone haya. Sina ugomvi na utaratibu huo. Umezika watu, umetibu watu, umeozesha mabinti ambao wazazi wao peke yao wasingemudu hata mchele. Ila mchango ni deni, na kila mtu anajua. Kwenye kabati letu, chini ya mashuka, lipo daftari la kaunta ambalo baba watoto na mimi tumelijaza tangu tulipooana: nani kaleta nini, kwa shughuli ipi. Sukari kilo kumi. Doti ya kitenge. Mbuzi jike, mwenye mimba. Pembeni ya kila mstari imewekwa alama siku tuliyorudisha, na mistari isiyo na alama ndiyo inayotukosesha usingizi kadi mpya zinapoanza kuletwa mlangoni.

Basi binti yetu alipokaribia kupata kipaimara, daftari likatolewa. Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba mkwe, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, alishajichukulia uenyekiti. Alitaka ukumbi, mshereheshaji, keki ya ngazi tatu. Kadi zilikuwa bado kwenda kuchapishwa lilipokuja somo la Luka kwenye jumuiya yetu.

Asiyezifahamu jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki nimweleze kidogo. Maaskofu wa nchi zetu za AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976, waliamua kuwa Kanisa lijengwe kutoka kwenye nyumba, majirani wachache wakikutana kusali na kusoma Injili ya Dominika inayokuja. Sisi tunakutana Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, na tunafuata zile hatua saba zilizoandaliwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Hatua tano za kwanza ni za kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyomgusa kila mmoja, kunyamaza na kushirikishana. Ya saba ni sala. Ya sita ndiyo yenye kazi: hapo jumuiya inajiuliza, sasa tufanye nini? Mara nyingi jibu ni kufagia kanisa au kumtembelea mgonjwa na mche wa sabuni, mambo mema ambayo hayamgharimu mtu usingizi.

Somo lilikuwa la Dominika ya 22 ya Mwaka C, mwishoni mwa Agosti. Yesu kaalikwa chakula kwa mkubwa mmoja wa Mafarisayo. Anawaona wageni wanavyowania viti vya mbele, anawaambia wakae nyuma. Kisha anamgeukia mwenye nyumba mwenyewe, anamwambia akiandaa karamu asiite rafiki, wala ndugu, wala jirani tajiri, kwa kuwa hao watamwalika nao na malipo yatakuwa yameishia hapo. Aite maskini, vilema, viwete na vipofu, watu wasio na cha kumrudishia.

Tulipofika hatua ya sita watu walikaa kimya, wengine wakitazama mikeka. Mama mkwe akasema, "Kwetu kuna kipaimara mwezi ujao." Hakuongeza neno. Mwenyekiti wa jumuiya aliandika, na likiandikwa kwenye daftari la jumuiya limeandikwa.

Lazima niseme habari za mama mkwe, la sivyo mambo yaliyofuata hayataeleweka. Yeye ni wa Karema, kule ziwani, ambako Mapadri Weupe waliingia mwaka 1885 walipoachiwa ngome ya Wabelgiji. Huko watoto wamelelewa kwa habari za Adrian Atiman. Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa utotoni na wauza watumwa, mapadri wakamkomboa kwa fedha, wakampeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, na hakuondoka tena: alitibu na kufundisha dini palepale hadi alipofariki mwaka 1956. Wengine wakimtaja husifu miaka hiyo mingi ya kazi. Mama mkwe hushika jambo jingine, kwamba waliomkomboa Atiman hakuwarudishia hata senti. Alilipa kwa Wabende na Wafipa wa ziwani, watu ambao hawakumfanyia lolote na wasingeweza kumlipa. "Deni la Mungu halirudi lilikotoka," husema mama mkwe, "linakwenda mbele."

Baba mdogo alikuja jioni ya Jumamosi ileile. Nilimwamkia, akaitikia akiwa bado mlangoni, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kigoda cha mama mkwe.

"Shemeji, nimesikia hamtaki michango."

"Umesikia sawa."

"Harusi ya huyu kijana wako nilitoa milioni nzima. Sijawahi kuidai. Leo nataka kuchanga kwa mjukuu wangu, ninyi mnaninyima. Nimekosa nini?"

Swali hilo lilinichoma, na mpaka leo naona lilikuwa la haki. Watu hudhani ubaya wa michango ni kunyang'anyana fedha. Kwa baba mdogo mchango ndio ulikuwa mdomo wake: hajui kumwambia mtoto anampenda, anajua kuweka noti kwenye bahasha. Ukimfungia hapo umemfungia pote. Na ukisoma Injili vizuri, ndugu na jamaa ndio wanaotajwa kwa jina la udugu wao kwamba wasiitwe. Mama mkwe angemwelezaje hivyo mdogo wake marehemu mumewe?

Mama mkwe alifikiri kidogo. "Ndugu haalikwi," akasema, "kwa sababu ndugu ndiye mwenyeji. Wewe utakuja kugawa chakula."

"Mimi? Nigawe sahani?"

"Wewe na wanangu wote."

Aliondoka bila kunywa chai. Kwa muda hatukumwona wala hakupokea simu ya baba watoto, na kwenye kundi la ukoo kukawa na ukimya ambao mtu wa kwetu anaujua maana yake. Shangazi mmoja wa Sumbawanga alipiga kuuliza kama tumehamia madhehebu mengine.

Kazi ya pili ilikuwa kualika, na ikawa ngumu kupita ya kukataa michango. Mjane auzaye mkaa pale kona alikubali haraka, ila akarudi baada ya saa moja kuuliza tena kama kweli. Mzee asiyeona, ambaye hukaa karibu na soko, aliuliza nani atamleta na nani atamrudisha. Tukampangia kijana wetu wa kwanza. Alikuwapo aliyekuwa mchukuzi wa stesheni. Reli yetu ya kutoka Kaliua ilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, mgodi ukafa, reli ikabaki na mizigo ya watu, na gunia moja la mizigo hiyo lilimwangukia huyu mwenzetu kiunoni; anatembea kwa magongo mawili. Alikuwapo mlinzi wa maduka ya mtaa wetu, Mkonongo wa Inyonga, mzee wa makamo aliyerina asali maisha yake yote kabla ya kuja mjini kukesha na rungu.

Wa mwisho alikuwa fundi viatu. Yeye ni mtu wa Katumba. Aliingia kijana na wale waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, akafyeka msitu na wenzake pale Katumba, akalima, akazaa, na mwaka 2014 akawa miongoni mwa watu zaidi ya 160,000 waliopewa uraia wa Tanzania. Baba watoto alimwendea na mwaliko, akamweleza kwa moyo mweupe kabisa: tumesoma Injili, tunawaalika wasiojiweza. Fundi aliendelea kushona soli. Alipomaliza uzi akasema, "Mwambie mama asante. Chakula cha kupanga foleni nilishakula. Sasa hivi najilisha."

Baba watoto alirudi uso umemshuka. Mama mkwe hakumlaumu. Kesho yake alivua ndala, akavaa viatu vyake vya kanisani ambavyo kisigino kilikuwa kimelegea, akaenda mwenyewe. Nilimsindikiza. Alikaa kwenye kibenchi cha fundi, akatoa kiatu, akamwacha afanye kazi. Waliongea habari za mvua ya mwaka jana, za bei ya ngozi, za namna watoto wa siku hizi wanavyomaliza viatu. Alipolipa ndipo akasema, "Mjukuu wangu anapata kipaimara. Nataka watu wa mtaa wangu waje wanione nikifurahi. Nawe ni mtu wa mtaa wangu." Fundi akauliza ni lini. Akauliza pia viatu vya binti vikoje.

Siku ilipofika, tulirudi kutoka misani mchana, jua kali, miombo ya pembezoni mwa mji imeanza kutoa majani yake mekundu ya kabla ya mvua. Tulikuwa na turubai moja, viti vya plastiki vya kukodi, na spika ya jirani. Jikoni kulikuwa na pilau ya mchele wa Mwamkulu, nyama ya ng'ombe, na migebuka iliyoletwa kutoka Karema usiku. Meza kuu tuliiweka, kwa sababu binti alilia alipoambiwa haitakuwapo, na mtoto wa miaka kumi na mitatu ana haki yake. Baba mdogo alikuja. Alivaa suti ya kijivu, akapita moja kwa moja akaketi meza kuu, katikati. Wageni wetu walijibana viti vya nyuma kabisa, karibu na tangi la maji, na hakuna aliyejaribu kuwasogeza mbele akafanikiwa. Hivyo kila mmoja alikaa alipozoea kukaa, kana kwamba Luka hajasomwa.

Ikaja zamu ya zawadi. Hilo hatukulitangaza. Tulisema waziwazi kwamba hakuna zawadi. Lakini mjane wa mkaa aliinuka na kuku mwekundu kwapani, akacheza mpaka mbele. Mchukuzi akatoa karanga kwenye mfuko wa rambo. Fundi akamvalisha binti viatu vyeupe alivyovishona soli upya, kwa magoti, mbele ya watu. Na yule mlinzi akaja na ndoo ya asali mbichi, yenye masega, iliyoletwa na mwanawe kutoka Inyonga, akafungua mfuniko ili watu waione rangi.

Jirani yetu ana pagala, nyumba aliyoiacha kwenye lenta miaka mingi. Ndani ya ukuta wake kuna nyuki. Tumeishi nao kwa amani. Ila mwezi wa tisa maua ni machache, maji yamekauka, na nyuki wana njaa. Harufu ya asali iliyofunguliwa juani inawafikia kabla mtu hajamaliza kupiga vigelegele. Walianza watano sita juu ya ndoo. Kisha wakawa kwenye chupa za soda. Kijana aliyeshika maikrofoni akapiga mmoja kwa taulo, akamponda.

"Usiue!" mlinzi alipaza sauti. "Ukiua mmoja umewaita wote!"

Ilikuwa tayari. Walishuka kwa pamoja. Viti vilipinduka, meza kuu ikaenda upande, watoto wakapigiwa kelele waingie ndani. Mimi nilimshika mzee asiyeona mkono, nikaingia naye mlango wa kwanza niliouona, chumba cha mama mkwe, na nyuma yangu wakaingia mjane, fundi, wajukuu, na baba mdogo na suti yake. Mtu akafunga mlango, akaziba chini kwa kitenge. Chumba hicho kina kitanda kimoja, sanduku moja na picha ya Moyo Mtakatifu. Tulibanana tukisikia mvumo kwenye dirisha la wavu.

Baba mdogo alikuwa ameumwa kwenye kope la jicho la kushoto, mwiba bado umo. Alitaka kuubana kwa vidole autoe. Mjane alimshika mkono. Nasema alimshika, mwanamke wa mkaa kumshika mkono mwenye mashine. "Tulia baba. Huuoni, niachie mimi." Akamkalisha kitandani, akamwinua kidevu kuelekea mwanga, akaukwangua mwiba kwa ukucha, taratibu, kutoka pembeni. Kwenye mistari ya vidole vyake ulikuwamo ule weusi usiotoka kwa sabuni, na baada yake palibaki alama ndogo ya mkaa shavuni kwa baba mdogo. Hakuifuta. Akasema asante, mama.

Tulikaa muda mrefu. Fundi aliwasimulia watoto jinsi walivyokuta nyuki walipofyeka Katumba. Baba mdogo alimuuliza kama mwaka ule wa kwanza walivuna, akaambiwa la, waligawiwa chakula, wakavuna uliofuata. Wakaingia kwenye mazungumzo ya mpunga na mahindi ambayo wakulima wawili hawawezi kuyaacha. Aliyetuambia kwamba hatari imekwisha ni mzee asiyeona. Alikuwa ameegemeza sikio ukutani. "Wamehama," akasema, sisi tukiwa bado tunausikia mvumo. "Huo mnaousikia ni wa waliopotea njia."

Nje, mlinzi alikuwa peke yake. Alifunika ndoo kwa khanga aliyoilowesha maji, akawasha kinyesi kikavu cha ng'ombe kwenye sufuria bovu, akaibeba ndoo ndani ya moshi huo hadi nyuma ya pagala, hatua kwa hatua, bila kurusha mkono. Shingo yote ilikuwa imevimba. Nilimpa maji, akaulizia watoto kwanza. Waliumwa wengi, hakuna aliyezidiwa, namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapolikumbuka.

Pilau ilikuwa imeungua chini. Juu ilifaa. Viti vingine vilikuwa na nyuki waliokufa na soda zote zilizofunguliwa zikamwagwa, kwa hiyo mikeka ikatandikwa uwani na watu wakakaa walipopata nafasi. Fundi kando ya binti, mchukuzi kaegemea mguu wa meza kuu iliyolala ubavu. Mama mkwe alimtazama baba mdogo. Akachukua sahani ya kuchotea, akamnyooshea. Baba mdogo alivua koti, akakunja mikono ya shati, na jicho lake moja limefumba kabisa akaanza kupakua. Alianza na mlinzi. Kila aliyemfikia alimuuliza jina na kama anapenda ukoko.

Usiku baba watoto alitoa daftari la kaunta. Kuku mmoja, karanga kilo mbili, viatu, ndoo ya asali, nusu gunia la mkaa lililokutwa mlangoni. "Hawa nao tuwaandike," alisema, "siku yao ikifika tuwarudishie." Mimi niliona ni adabu. Mama mkwe alimzuia. "Andika majina. Vitu usiandike." Wakabishana mpaka taa ikazimwa. Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuja mikono mitupu, na tulikuwa tumetafuta watu wasio na cha kurudisha tukamkosa hata mmoja. Sidhani kama wapo. Naamini Yesu alijua, na kwamba alimlenga zaidi mwenye nyumba kuliko wageni: aache kuhesabu, hata anapohesabu kwa wema.

Novemba, mvua zikiwa zimeanza, mjane wa mkaa alituita kwake Nsemulwa. Mjukuu wake anabatizwa. Hakuwa na kadi. Alituma mtoto aseme tuje tule. Baba watoto alikwishaandaa bahasha, nami nilifunga sukari na kitenge, na mama mkwe akavitoa kimoja kimoja kwenye kikapu akavirudisha kabatini. Nilimwambia mama, watatuonaje? Akajibu, "Watatuona kama tulivyotaka kuwaona wao."

Tulikwenda hivyohivyo, na sijawahi kutembea njia iliyonitia haya kama ile. Baba mdogo tulimkuta ameshafika. Alialikwa peke yake, kwa jina. Tulikalishwa mkekani chini ya mwembe, tukaletewa ugali na dagaa wa nazi kwenye sinia moja. Mara mbili nilimwona baba mdogo akipeleka mkono mfukoni, na mara mbili mama mkwe akamsogezea bakuli la mchuzi ili mkono uwe na kazi. Mjane alipita akituangalia sahani, akauliza tumeshiba. Tukasema tumeshiba. Akasema bado, akaongeza.